Boss GT-1 kwenye hedifoni ni tamu, ikiingia spika za ukumbi inakwaruza. Nirekebishe wapi?

solo_ya_kwaya

Wakuu, salaam. Natumia Boss GT-1, pedali ya efekti nyingi za gitaa, na gitaa la muundo wa Stratocaster, pikapu tatu za koili moja. Tunapigia kwaya na hatuna amplifaya ya gitaa: waya unatoka kwenye pedali, unaingia mikisa, halafu spika za ukumbi zenye woofa ya inchi 15 na honi.

Nikitengeneza sauti nyumbani kwa hedifoni inatoka nene na imejaa. Ukumbini sauti ile ile inageuka. Distosheni inalia kama nyuki ndani ya debe. Solo inasikika nikiwa peke yangu, kinanda na besi vikiingia inazama. Nikihama preseti moja (sauti iliyohifadhiwa kwenye pedali) kwenda nyingine, moja inashtua watu na nyingine haisikiki kabisa. Na kuna muungurumo usiokatika hata nisipogusa nyuzi.

Pia natafuta sauti safi ya sebene, ile kavu inayong'aa. Preseti za kiwandani nyingi zimejaa mwangwi. Nianzie wapi, au nitafute kifaa kingine?

fundi_jukwaa

Usiuze, mkuu. Kifaa kinatosha kabisa, ila inawezekana hujakiambia kimechomekwa kwenye nini.

Kabla hujagusa preseti yoyote, ingia MENU utafute OUTPUT SELECT. Ukikuta JC-120, COMBO AMP au STACK AMP, maana yake pedali inaamini mbele yake kuna amplifaya ya gitaa, kwa hiyo kazi ya spika inaiachia amplifaya hiyo. Wewe huna. Weka LINE/PHONES ili iige spika ya gitaa yenyewe. Spika ya gitaa ya inchi 12 ikifika karibu 5,000 Hz huanza kuporomoka kwa kasi. Distosheni nayo huzalisha masafa ya juu mengi mno, na spika hiyo ndiyo huyachuja. Honi ya ukumbini hupanda hadi karibu 20,000 Hz na haichuji kitu, ndiyo maana ukali wote unafika masikioni mwa watu.

Utauliza mbona hedifoni haikwaruzi. Hedifoni nyingi za simu zimeongezwa besi, na nyumbani unapiga kwa sauti ndogo. Sikio letu kwa sauti ndogo halishiki vizuri besi wala trebo, kwa hiyo mtu huongeza vyote viwili mpaka aridhike. Sauti ikipanda ukumbini sikio linavishika vyote, na ulichoongeza kinakugeukia: chini kunavuma, juu kunachoma. Preseti ya mwisho itengenezwe ukumbini, kwa sauti ya kazi, besi na kinanda vikiwa vinapigwa. Ya nyumbani ichukulie kama rasimu tu.

Sasa fungua preseti tupu, zima kila kitu, bakiza PREAMP, yaani uigaji wa amplifaya, peke yake. Kwa distosheni chagua aina ya MS1959. BASS, MIDDLE na TREBLE ziache 50, PRESENCE 30. Anza na GAIN, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiwa peke yako 80 inapendeza kwa sababu inajaza chumba. Lakini distosheni ikizidi hubana sauti: pigo la pleki linafutika, noti zote zinakuwa na urefu mmoja, na kwenye bendi hakuna kinachochomoza. Shusha hadi 35 au 45. Itakuonekea nyembamba ukiwa peke yako. Subiri wenzako waingie ndipo uhukumu. Kisha MIDDLE ipande 60 mpaka 65. Gitaa huishi kwenye midi, yaani masafa ya kati, na ukizikata ukafuata sauti iliyochimbwa katikati, kinanda kinalifunika gitaa bila jitihada yoyote.

Baada ya PREAMP weka EQ, kirekebishi cha masafa. LOW CUT (hukata masafa ya chini) 100 Hz: najua uzi wa sita ukiwa wazi ni 82 Hz, lakini eneo hilo ni la besi na ngoma kubwa, na ukiliacha unapata tope tu. HIGH CUT (hukata ya juu) 6.3 kHz. Kukiwa bado kuna uzito unaoziba, punguza desibeli 3 kwenye 400 Hz. Kukichoma, punguza desibeli 2 au 3 kwenye 3.15 kHz. Usipunguze vyote kwa mazoea, sikiliza kwanza.

Kama kuna mahali pa kuchagua maiki ya kuigiza, isogeze mbali na kitovu cha spika. Kitovuni ndiko trebo kali iliko, na kusogea kidogo pembeni hulainisha sauti kuliko kukata trebo kwenye EQ.

Kwa solo, chukua FX2, nafasi ya efekti ya pili, weka PARAMETRIC EQ baada ya PREAMP, ongeza desibeli 3 kwenye 1 kHz na desibeli 2 za LEVEL, halafu iwekee swichi ya CTL1 ili iwashwe kwa mguu. Nasisitiza baada ya PREAMP. Ukiongeza nguvu kabla ya preamp ambayo tayari inakwaruza, unaongeza mkwaruzo tu, sauti haipandi.

waya_na_jeki

Fundi amemaliza upande wa preseti. Mimi nibaki na muungurumo na mikisa.

Geuza volyumu ya gitaa hadi sifuri. Muungurumo ukipotea, chanzo ni pikapu. Koili moja inanasa sumaku ya umeme wa 50 Hz kutoka transfoma, taa na dima. Geuka pembeni, sogea mbali na amplifaya za ukumbi, na weka NS (kizima kelele) yenye THRESHOLD ya chini kabisa inayotosha kunyamazisha ukiwa hupigi. Ikizidi itakata mikia ya noti.

Muungurumo ukibaki hata volyumu ikiwa sifuri, toa adapta utumie betri 4 za AA. Ukinyamaza, kosa ni adapta, au njia ya adapta na mikisa kupeana ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) mara mbili. Adapta iwe ya volti 9 DC, hasi katikati, na usiigawane na pedali nyingine kwa waya mmoja wa matawi. Pedali za kidijitali hupenyeza mlio mwembamba kwenye zile za analogi zinapokula umeme mmoja. Adapta ya volti 12, au yenye chanya katikati, usijaribu hata sekunde moja. Ukishagundua ni ethi, dawa ni DI boksi, kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa, yenye swichi ya kukata ethi ya mawimbi. Kung'oa waya wa ethi kwenye plagi ya ukutani ni kuhatarisha maisha ya mtu anayeshika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki.

Jeki sasa. Ukitumia waya mmoja, toka L/MONO na R ibaki tupu, hapo pedali inaunganisha pande zote. Ukitoka R peke yake unapoteza upande mmoja wa korasi na dilei. Usitumie tundu la PHONES kuingia mikisa. Na hili ni kwa wenye pedali ambazo tundu la kutoa sauti ndilo hilo hilo la hedifoni: msichomeke waya wenye pete mbili, ule wa stirio, kwenye tundu la mikisa lililosawazishwa. Mikisa hutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, na kilicho sawa pande zote kinafutika. Unabaki na mwangwi mwembamba usio na gitaa, mtu anadhani pedali imekufa.

Umbali kutoka jukwaani hadi mikisa ukizidi mita 6 hivi, tumia DI boksi na waya wa XLR. Pedali haipotezi trebo kwa waya mrefu kama gitaa tupu linavyopoteza, ila waya usiosawazishwa unaokota kelele njia nzima. Chaneli ya mikisa iwe na EQ yote katikati, bonyeza PFL (kitufe cha kusikiliza na kupima chaneli moja), piga kwa nguvu zako zote, pandisha geini mpaka vilele vicheze karibu na 0. Taa nyekundu ikiwaka huo ni mkwaruzo wa mikisa, na hakuna preseti itakayouondoa.

kidole_cha_sebene

Kwa sebene acha preseti za kiwandani, jenga mwenyewe, ni vitu vichache.

Swichi ya pikapu weka ya daraja pamoja na ya kati. Kwenye Stratocaster nyingi za sasa ile ya kati imezungushwa kinyume, kwa hiyo nafasi hiyo pia inafuta sehemu kubwa ya muungurumo. Sauti yake ina uwazi usiochoma kama daraja peke yake.

Mwanzo kabisa wa mnyororo weka COMP (kompresa) kwenye FX1: SUSTAIN 35 hadi 40, ATTACK 55. Kazi yake ni kusawazisha noti za haraka ili kidole dhaifu kisimeze noti. Ukifika SUSTAIN 70 kila noti inavimba na kelele za chini zinapanda nazo. Kisha PREAMP ya JC-120, GAIN 25, BASS 40, MIDDLE 55, TREBLE 60. JC-120 halisi ya Roland ilitoka mwaka 1975, ni ya transista, na inabaki safi hata ikipandishwa. Kwa noti zinazofuatana kwa kasi hiyo ndiyo tabia unayoitaka. CLEAN TWIN nayo inafaa ukitaka kifua zaidi kwa gitaa la rizimu.

Korasi iwe ndogo: RATE 30, DEPTH 30, E.LEVEL (kiwango cha efekti) 35. Spika za ukumbi zikiwa mono weka MODE kuwa MONO, maana korasi ya stirio ikikunjwa kuwa upande mmoja huyumba na kupoteza uimara.

Dilei ndiyo siri ya ule unene. Wimbo ukiwa na mapigo 130 kwa dakika, gawanya 60,000 kwa 130 upate milisekunde 461, kisha gawanya kwa 4: 115. Noti zako za haraka zinapishana kwa milisekunde hizo hizo, kwa hiyo mwangwi unaangukia juu ya noti inayofuata na kuinenepesha badala ya kuichafua. F.BACK (marudio ya mwangwi) 10 ili irudi mara moja tu, E.LEVEL 20. Tempo ikibadilika, piga hesabu upya. Rivabu ROOM ya sekunde 0.8, kiwango 10, au izime kabisa. Ukumbi wa zege una mwangwi wake wa kutosha.

Hapa napishana na fundi: HIGH CUT ya 6.3 kHz kwa sauti safi ni kali mno, inaua mng'ao. Kwenye sebene naweka 8 kHz. Hiyo 6.3 ibaki kwa distosheni.

fundi_jukwaa

Nakubali kuhusu 8 kHz kwa sauti safi. Namba yangu ilikuwa ya MS1959.

solo_ya_kwaya

Asanteni sana wakuu. OUTPUT SELECT ilikuwa COMBO AMP. Kwa betri muungurumo umeisha, basi ni adapta. Bado maswali mawili. Kuna ukumbi wenye JC-120 yenyewe jukwaani, hapo nafanyaje? Na namna ya kusawazisha preseti sijaipata.

fundi_jukwaa

Ukichomeka mbele ya JC-120, weka OUTPUT SELECT iwe JC-120 na uzime PREAMP kwenye preseti safi. Ukiacha uigaji wa preamp na wa spika vyote viwe hai, unapata preamp mbili na spika mbili kwa mkupuo, na matokeo ni sauti ya puani isiyo na uwazi.

Njia ninayoipendelea ni kuingia tundu la RETURN nyuma ya amplifaya, OUTPUT SELECT ikiwa JC-120 RETURN. Hapo unaruka preamp ya amplifaya na kutumia ya pedali, hivyo preseti zako hazibadiliki sana. Shusha PATCH LEVEL, yaani volyumu ya preseti, hadi sifuri kabla ya kuchomeka, upandishe taratibu, maana kwenye RETURN vidhibiti vya volyumu vya mbele huenda visikusaidie. OUTPUT SELECT ni ya kifaa kizima, si ya preseti moja, basi iangalie kila unapohama ukumbi.

waya_na_jeki

Kusawazisha: chukua preseti safi ya sebene iwe kipimo, kwa sababu ndiyo inayoishiwa nafasi mapema. Sauti safi ina vilele virefu, distosheni imebanwa na vilele vyake ni vifupi, kwa hiyo mita ikionyesha sawa, masikio yatasikia distosheni iko juu. Tumia mita kuhakikisha hakuna kinachogonga nyekundu, halafu kusawazisha fanya kwa masikio, mtu mwingine akiwa katikati ya ukumbi na bendi inapiga. Rekebisha kwa PATCH LEVEL pekee. Ukirekebisha kwa GAIN unabadilisha sauti yenyewe na kazi inaanza upya. Rizimu iwe chini kidogo ya sebene, na preseti ya distosheni ilingane na sebene CTL1 ikiwa imezimwa.

Adapta mpya ukiipata, ijaribu ukiwa kwenye mikisa ile ile na soketi ile ile ya ukumbini. Nyumbani kwa hedifoni mzunguko wa ethi haupo, hivyo adapta yoyote itaonekana nzuri.