WordPress, Laravel au Symfony: kwa PHP ya sasa, mkate uko wapi?

Mtoto_wa_Keko (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za humu.

Nimemaliza diploma ya TEHAMA, lugha ya PHP ya kawaida naiweza: fomu, hifadhidata ya MySQL, kuingia na kutoka kwenye akaunti, ripoti ndogondogo. Sasa nataka nichague njia moja niikamate sawasawa. Mezani nimebaki na tatu: WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) na WooCommerce yake ya maduka, kisha Laravel na Symfony, ambazo ni fremuweki, yaani mifupa tayari ya kuandikia mifumo kwa PHP. Kila ninayemuuliza anavutia kwake, na kuna mshikaji wangu anacheka kabisa, eti PHP ilishazikwa, nihamie JavaScript niachane na makaburi.

Vigezo vyangu: kazi ipatikane hapa nyumbani, ikibidi nifanye na ya nje, na nisije nikakesha na kitu ambacho mwakani kimetelekezwa. Kama kuna habari mpya kwenye jamii ya PHP zinazofungua milango, mwageni pia.

FundiTovuti (Arusha)

WordPress, mdogo wangu, halafu mengine yatafuata. Huku kwetu kampuni za utalii na loji ni nyingi, na karibu zote zinataka kitu kilekile: picha kali, ratiba za safari, bei kwa msimu, fomu ya kuulizia nafasi. Ukimtajia mwenye kampuni Symfony anakutazama tu. Ukimtajia WordPress anakwambia "eeh, hiyo hata binamu yangu anaijua". Hesabu za W3Techs, wanaopima teknolojia za tovuti, zinaiweka kwenye zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, kwa hiyo hubishani na mteja kuhusu jina.

Na hela haipo kwenye kujenga, ipo kwenye kutunza: kusasisha plagini (programu za nyongeza), kuhifadhi nakala, kufufua tovuti iliyovamiwa ikajazwa matangazo ya kamari. Ukishakuwa na wateja kadhaa wanaolipa utunzaji kwa mwaka, kodi ya nyumba haikusumbui. Tena inakaa kwenye hosti ya bei poa yenye cPanel.

Nyanya_Chungu (Nairobi)

"Hata binamu yangu anaijua." Hapo umejijibu mwenyewe kwa nini bei inashuka kila mwaka 😂

Binti_Mvita (Mombasa)

Nyanya ameuma lakini ana ukweli. Mimi nafanya WordPress na Laravel zote mbili, na kazi inayolipa vizuri kwenye zote ni ileile: malipo. Kubandika plagini ya M-Pesa kila mtu anaweza. Kujua kwa nini oda imeandikwa "imelipwa" na pesa haijaingia, hapo ndipo wengi hukwama.

Nieleze kidogo, maana hata mtoto wa Keko atakutana na mambo haya kwenye mitandao ya huko kwake. Ukituma ombi la STK push, lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN, kwa Daraja, yaani API (mlango wa kuunganisha mifumo) ya Safaricom, unajibiwa papo hapo na ResponseCode 0. Wengi wakiona sifuri wanafurahi, wanamwonyesha mteja ukurasa wa asante. Sifuri hiyo inasema tu ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka hata PIN. Jibu lenyewe linakuja baadaye, kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja ndani ya ombi ipokee matokeo, likiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana. Na yeyote akiijua anwani hiyo anaweza kukutumia sifuri ya uongo. Kwa hiyo unahifadhi CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi) tangu mwanzo, jibu likija unalinganisha, unakagua kiasi, kisha unaiuliza Daraja yenyewe kama muamala huo upo kweli. Ndipo unatoa mzigo.

Hiyo kazi kwenye Laravel ni raha. Kuna foleni ya kazi za nyuma, kuna majaribio, kuna mahali panapoeleweka pa kila kitu. Kwenye WooCommerce inawezekana, ila utapigana na plagini za watu wengine saa nane za usiku. Kura yangu ni Laravel.

Mzee_wa_Seva (Dodoma)

Kijana, huyo mshikaji wako mpe salamu zangu. Lugha aliyoitoa Rasmus Lerdorf hadharani Juni 1995 imetimiza miaka 30 mwaka 2025, na mwaka huohuo Novemba 20 likatoka toleo 8.5. Maiti hatoi toleo kila mwaka.

Hofu ya kweli ilikuwa 2021, pale Nikita Popov, aliyekuwa amebeba sehemu kubwa ya injini ya lugha hii, alipotangaza kuhamia kwenye LLVM, mradi mwingine wa zana za lugha za programu. Watu wakagundua kwamba kitu kinachoendesha sehemu kubwa ya mtandao kinategemea mikono michache mno. Novemba hiyo ikaundwa PHP Foundation, kampuni za JetBrains, Automattic, Laravel na wengine wakachangia, na sasa kuna waandishi wa msimbo wanaolipwa kuitunza lugha yenyewe. Kwangu habari hiyo ni kubwa kuliko madoido yote ya 8.5.

Ila madoido nayo matamu. Angalia namba za simu, ugonjwa wetu sote. Mmoja anaandika 0712, mwingine anaacha nafasi katikati. Zamani ungefungia kitendo ndani ya kitendo, msomaji aanze kusoma kutoka tumboni kwenda nje. Kwenye 8.5:

```php
$namba = $ingizo
    |> trim(...)
    |> (fn($n) => preg_replace('/\D/', '', $n))
    |> (fn($n) => preg_replace('/^0/', '255', $n));
```

Unasoma juu kwenda chini: ondoa nafasi za pembeni, bakiza tarakimu, sifuri ya mwanzo iwe 255. Hayo mabano ya fn usiyaache, itagoma.

Sasa nafasi za kazi. Toleo 8.1 liliacha kupata viraka vya usalama mwisho wa Desemba 2025. 7.4 iliachwa tangu Novemba 2022. Halafu nenda kwenye taasisi, mashule, hospitali binafsi, uangalie mifumo iliyoandikwa miaka kumi iliyopita na kijana ambaye sasa yuko Kanada na hapokei simu. Kuipandisha hiyo hadi 8.3 au 8.4 ni kazi halali kabisa, na hushindanii na binamu wa mtu. Jifunze PHPStan inayokagua msimbo bila kuuendesha, na Rector inayoubadilisha kwa kanuni. Mwenye mfumo wa zamani hakuulizi unapenda fremuweki gani. Anauliza kama data zake zitabaki salama.

Ukitaka ajira ya serikali, matangazo ya Afisa TEHAMA yanapita Ajira Portal. Soma sifa kwa makini, nyingi zinataka shahada, kwa hiyo diploma yako iendeleze.

Kasongo_Lushi (Lubumbashi)

Bandugu, jambo. Naona Symfony inapitwa kama mgeni asiyekaribishwa.

Huku kwetu tunasoma na kufanya kazi kwa Kifaransa, na Symfony ilizaliwa Ufaransa, kwa Fabien Potencier, mwaka 2005. Nyaraka, mikutano, makampuni ya Paris na Brussels yanayotafuta watu, yote yanazungumza lugha tunayoandikia barua. Mimi wateja wangu wako Ubelgiji. Saa zetu zinakaribiana, tunaongea mchana, hakuna kukesha kumngoja mtu wa California aamke.

Pili, muda wa kuishi. Laravel inatoa toleo kubwa kila mwaka, na kila toleo linapata viraka vya usalama miaka miwili. Symfony ina matoleo ya kukaa: 7.4 ya Novemba 2025 itapata viraka vya usalama hadi Novemba 2029. Mteja wa taasisi anayetaka mfumo usiguseguse, mwambie hilo uone anavyotabasamu. Kuna na mtihani rasmi wa cheti cha Symfony; mwajiri wa Ulaya asiyekujua anauheshimu.

Na tusidanganyane: ukifungua Laravel ndani, utakuta vipande vya Symfony, HttpFoundation na Console. Drupal, mfumo mwingine wa PHP wa kuendesha tovuti, tangu toleo la 8 nayo vilevile. Ukiijua Symfony hizo nyingine hazikutishi.

Nyanya_Chungu (Nairobi)

Kasongo, kwa Kifaransa sawa. Kijana wa Keko ambaye Kifaransa chake ni "bonjour" atapata wapi mteja wa Symfony? Hapa Nairobi naona Laravel kwenye matangazo mengi, Symfony kwa nadra.

Ila umetaja Drupal na watu wanaisahau. Mashirika ya misaada yanaipenda. ReliefWeb, tovuti ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya dharura, inaendeshwa kwayo. Drupal 7 ilifungwa rasmi Januari 5, 2025, na kutoka 7 kwenda matoleo mapya si kubonyeza "sasisha", ni kujenga upya na kuhamisha maudhui. NGO zenye tovuti ya zamani bado ziko nyingi. Huo ni mlango usio na foleni ndefu.

Mtoto_wa_Keko

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Maswali mawili. Nimesikia Laravel imechukua pesa za wawekezaji, isije ikaanza kutulipisha. Na WordPress niliona ugomvi wa kampuni na kampuni, umeisha?

Binti_Mvita

Ni kweli, Septemba 2024 walipata dola milioni 57 kutoka Accel. Kilichotoka baadaye, Februari 2025, ni Laravel Cloud, huduma ya kulipia ya kuhifadhi mifumo. Fremuweki yenyewe iko chini ya leseni ya MIT, na hulazimiki kwenda kwenye Cloud. Seva ndogo ya kukodi inatosha. Ninalolitazama ni kama nguvu za timu zitaelekea zaidi kwenye vitu vya kulipia. Hilo ni la kulifuatilia tu, la kukimbia bado.

Kwa upande wa seva hapo ndipo WordPress inashinda bila ubishi. Laravel ukiiweka kwenye hosti ya kushirikiana lazima ujue folda ya public peke yake ndiyo inayotazama nje. Kuna watu wanamwaga mradi mzima ndani ya public_html, faili la .env linabaki uchi na nenosiri la hifadhidata na funguo za malipo ndani yake. Kabla hujamkabidhi mteja, andika anwani ya tovuti ukimalizia na /.env uone inajibu nini. Ikifunguka, hujamaliza.

Mzee_wa_Seva

Marahaba kijana. Dada amesema vizuri.

FundiTovuti

Ugomvi wa WordPress: Septemba 2024 Matt Mullenweg wa Automattic aliishambulia WP Engine, kampuni ya kuhifadhi tovuti za WordPress, hadharani, Oktoba wakafika mahakamani Marekani. Katikati wateja wa WP Engine walifungiwa masasisho kutoka WordPress.org, na hiyo ndiyo iliyowatia watu baridi: kumbe mtu mmoja ana ufunguo wa bomba lote. Wateja wangu hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wao wanaulizia fomu yao. Lakini siku hizi nakala kamili naiweka nje ya hosti, plagini muhimu na faili zake.

Nashikilia msimamo, WordPress ndiyo inayoanza kuleta hela mapema. Ya Binti_Mvita na Mzee ni ya mtu ambaye tayari anakula.

Dada_Kampala (Kampala)

Mbona hamtaji jamii yenyewe? Kazi yangu ya kwanza sikuipata kwenye tangazo, niliipata kwa mtu niliyekaa naye meza moja WordCamp, mkutano wa watu wa WordPress. Hapa Kampala zimefanyika, Nairobi na Dar pia. Zinaandaliwa na watu wa kujitolea, na ukijitolea mlangoni au kwenye usajili unajuana na waandaji wote.

Kwa wanaotaka kitu cha kimataifa: MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, imeandikwa kwa PHP, na Wikimedia imekuwa ikipokea washiriki wa Outreachy na Google Summer of Code, programu zinazowalipa watu wachangie programu huria. Outreachy imekuwa ikilipa dola 7,000 kwa mafunzo ya miezi mitatu, kazi ya mbali. Hawakuulizi GPA. Wanataka uwe umechangia kitu kwenye mradi wakati wa maombi, hata marekebisho madogo, na uone wanavyokukosoa hadharani bila kukasirika. Soma masharti ya awamu husika, kuna mambo ya muda wa masomo yanayowatoa wengi.

Na WordPress inatafsiriwa kwa Kiswahili. Kama msimbo bado unakutisha, anzia hapo, jina lako linaonekana kwenye wasifu.

Kasongo_Lushi

Dada, umesema kweli. Na mtu asiyeogopa lugha ya Go aitazame FrankenPHP, seva ya PHP ya Kévin Dunglas, mwaka 2025 imeingia chini ya uangalizi wa PHP Foundation. Inaweza kuacha programu yako ikiwa hai kwenye kumbukumbu badala ya kuianzisha upya kila ombi. Symfony na Laravel zote zinakaa juu yake.

Mtoto_wa_Keko

Basi nimeamua hivi: nachukua Laravel kama njia kuu, na WordPress nabaki nayo kwa tovuti za mtaani za kulipia bando. Mradi wa kwanza uwe nini? Nilifikiria duka la mtandaoni.

Binti_Mvita

Duka wameshajenga wote, hakuna atakayelitazama. Jenga mfumo wa michango ya kikundi, vikoba vya mama yako au vya jirani: wanachama, mchango wa wiki, mkopo, marejesho, faini ya kuchelewa. Kiasi cha pesa hifadhi kama namba kamili, usitumie float (namba ya desimali). Kila muamala uandikwe mstari mpya, wa zamani usihaririwe; mtu akikosea unaweka mstari wa kurekebisha. Andika majaribio ya hali hizi: mwanachama amelipa mara mbili, taarifa ya malipo imekuja mara mbili kwa muamala mmoja, na mtu amelipa pungufu. Ukimaliza jaribio hilo la pili weka kiungo cha GitHub hapa, nitaisoma.

Mzee_wa_Seva

Na uweke 8.4 au 8.5 tangu mwanzo. Nisije nikaikuta 7.4 humo.