Wajukuu wa Korogwe: nyumba ya Changanyikeni

Da Mwanaidi, 12:41
Jamani nipo Changanyikeni na dalali. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani. Salma akitaka chuo Mlimani ni bajaji tu, Zai chuo cha Ardhi anatembea kwa miguu. 350,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Dalali naye mwezi wake mmoja. Jumla 2,450,000. Nani anaweka ngapi?

Da Mwanaidi, 12:58
Mmesoma watu tisa. Naona tiki zenu.

Kaka Hamisi, 13:20
Luku ya kwao peke yao?

Da Mwanaidi, 13:21
Wanachangia na mpangaji wa uani. Fundi cherehani.

Kaka Hamisi, 13:23
Na pasi yake ya umeme! Watoto watalipia suruali za mtaa mzima.

Mudi, 13:24
Mimi ninazo mbili za kupunguza kiuno 😂

Mama Zai, 13:40
Mwombe apokee ya mitatu mitatu.

Da Mwanaidi, 13:42
Nimembembeleza weee, hataki. Dalali anasema kuna watu wa Mbeya wako njiani na hela mkononi.

Kaka Hamisi, 13:43
Hao wa Mbeya wako njiani tangu mimi napanga Msewe.

Da Mwanaidi, 13:44
Wewe cheka. Laki sita zako.

Kaka Hamisi, 13:50
Aanze kutoa aliyekula friji la Tabata.

Da Mwanaidi, 13:51
Hamisi, si leo.

Mudi, 13:52
Friji lilihamia Mbeya 😂😂

Shangazi Mkubwa, 14:37
Hamisi. Lile friji niliuza mimi. Baba yako amelazwa, dawa zinatakiwa, wewe simu hupokei. Nilinyamaza nikustiri.

Kaka Hamisi, 15:22
Shikamoo shangazi.

Shangazi Mkubwa, 15:30
Marahaba. Laki sita.

Da Mwanaidi, 15:46
Haya, nimempa dalali laki mbili ashikilie mpaka Ijumaa. Mama Zai laki nane. Mudi?

Mudi, 16:10
Nitaleta kitanda.

Da Mwanaidi, 16:11
Kile chenye chaga tatu?

Ba'mdogo Tanga, 18:50
Poleni, huku mtandao shida. Kwani Salma si kapata hosteli Mabibo? Mama yake kaniambia jana.

Da Mwanaidi, 18:51
Salma???

Da Mwanaidi, 18:58
Salma pokea simu.