Rekodi za zahanati: programu huria au ya kulipia, ipi salama?

FundiKondele (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Natunza kompyuta za zahanati moja ya kibinafsi hapa Kondele. Zote ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na nyingi ni kuukuu, Windows 11 haiingii. Mwenye zahanati anauliza: tununue mashine mpya na programu ya rekodi ya kulipia, au tuweke Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, kwenye hizi hizi? Bei naijua. Nataka maoni kuhusu usalama na ubora. Yeye anahofia kwamba programu huria, kwa kuwa msimbo wake (maandishi yaliyoiunda) uko wazi, hata mwizi anausoma.

Nakuru_Seva
Mwizi huingia hata bila kuusoma. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga faili na kudai fidia, ilipiga Windows, ambayo msimbo wake umefungwa, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Kwa hivyo nakuuliza: pale zahanati nani anaweka masasisho, na siku gani? Huku Nakuru nimeona ofisi zikiyazima ili bando lisiishe. Na kama Windows yenyewe imekrakiwa, hakuna cha kulinganisha, maana hujui aliyeikraki ameacha nini ndani.

DadaWaMaabara (Kakamega)
Mimi si fundi, ni mtumiaji. Programu ya kulipia tuliyokuwa nayo ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ukiandika matokeo ya malaria maabara, daktari anayaona papo hapo. Ikikwama, unapiga simu na mtu anakuja. Balaa lilianza mkataba ulipoisha. Tuliomba rekodi zetu, tukapewa PDF, faili moja kwa kila mgonjwa, hata kuzipanga kwa tarehe haiwezekani. Walioumia ni wazee wenye kisukari, kwa sababu daktari hakuweza tena kuona jinsi sukari yao ilivyopanda na kushuka. Fundi, kabla mwenye zahanati hajatia sahihi, muuzaji awaonyeshe data ikitoka nzima.

Msimbo_Bungoma
Nitautetea upande wa kulipia. Yale macho mengi yanayosifiwa kwamba hukagua msimbo wa programu huria hayaji yenyewe. Heartbleed, kasoro ya usalama, ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya intaneti, kama miaka miwili hadi ikagunduliwa Aprili 2014, na msimbo ulikuwa wazi muda wote huo. Ukiweka OpenMRS, basi Java, hifadhidata na seva, vyote ni vyako kulinda. Muuzaji mzuri angekuondolea mzigo huo.

Nakuru_Seva
Kweli kabisa, Msimbo. Lakini kumbuka xz, programu huria ya kubana faili inayotumika kwenye Linux, Machi 2024. Mtu alijenga imani kwa miaka hadi akawa mtunzaji, kisha akaficha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde, akachimba hadi akaupata. Aliweza kuchimba kwa sababu kila kitu kilikuwa mbele yake. Mwaka 2020 wateja wa SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao, walipokea mlango kama huo ndani ya masasisho halali, nao hawakuwa na msimbo wa kufungua na kukagua.

Mfumo_Eldoret
OpenMRS si mgeni huku kwetu. AMPATH, mpango wa afya hapa Eldoret, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia, mwaka 2006, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, umejengwa juu yake. Mafundi wanaoijua wapo. Ila usiifungulie intaneti, badilisha nenosiri la admin siku ile ile, na bakapu ya kila jioni iende kwenye diski inayochomolewa. Nunua UPS (betri ya akiba) pia, stima ikipotea ghafla hifadhidata inaweza kuharibika. Na huyo mwenye zahanati ajue kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ikivuja ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, programu iwe huria au ya kulipia.

FundiKondele
Asanteni sana. Naanza na Linux Mint kwenye mashine ya mapokezi nione kama printa ya risiti itakubali. Ile ya maabara inayoendesha kipima damu programu yake ni ya Windows tu, kwa hivyo itabaki, lakini nitaitenga na intaneti. Dada, zile PDF ni maandishi au ni picha? Kama ni maandishi, naweza kuwaandikia skripti ya kuyatoa.

DadaWaMaabara
Ni maandishi, yanakopika. Ngoja nitengeneze moja isiyo na jina wala namba ya mgonjwa, nikutumie uone yalivyopangwa.