Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi: ni taa au ni macho yangu?

Mshonaji
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43, sijawahi kuvaa miwani. Kuna jambo linanitatiza.

Miezi kama mitatu iliyopita nilianza kuilalamikia taa. Nikaweka balbu yenye mwanga mkali zaidi, nikapata nafuu kidogo. Kisha nikaulaumu uzi, kwamba siku hizi unachanuka ncha. Zamani nilitunga uzi kwenye sindano huku naongea na mteja. Sasa nailowesha ncha mara tatu, naisogeza sindano mbali, naiinua dirishani, mwishowe namwita binti ninayemfundisha kazi. Wiki iliyopita mteja alirudisha suruali nyeusi. Usiku niliikagua nisione kosa lolote. Asubuhi, juani, nikaona mshono umetoka nje ya pindo, urefu wa kidole kizima. Niliufumua wote kwa uchungu, maana kazi yangu ndiyo jina langu.

Mbali naona vizuri kabisa. Macho hayaumi wala si mekundu, ila jioni kichwa kinabana katikati ya nyusi. Je, macho yanaweza kubadilika polepole hivi bila mwenyewe kujua? Na nikianza miwani mapema, si nitayazoesha uvivu?

Nesi Mstaafu
Pole na kazi, mdogo wangu. Nimehudumu kliniki ya macho miaka mingi, na maelezo yako nimeyasikia sana kwa mafundi. Ndani ya jicho kuna lenzi. Ujanani ni laini, inajivimbisha ili uone cha karibu. Inakakamaa kidogo kidogo, na kuanzia miaka ya 40 hivi wengi huanza kuusogeza mkono mbali. Mwanga mkali unakusaidia kwa sababu mboni inajibana, na picha inayopita kwenye tundu dogo hutulia. Ndiyo maana kosa ulilikuta juani.

Miwani haileti uvivu. Lenzi itakakamaa uvae usivae.

Lakini usikimbilie kununua miwani ya kusomea ukaishia hapo. Macho mawili hufichiana siri: moja likififia, jingine linabeba. Funika moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama fremu ya mlango, kisha badilisha. Je, mistari imenyooka? Kuna sehemu yenye ukungu? Hata ukiona sawa, omba upimwe presha ya macho na utazamwe nyuma ya jicho. Presha ya macho kwa kawaida haiumi, huanza kula uoni wa pembeni, na ubongo unajaza pengo usijue. Ikiwa mzazi au ndugu yako anayo, hapo hakuna kusubiri.

Na ukiona ghafla vimulimuli, nukta nyeusi nyingi zinazoelea, au kama pazia linashuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa Mzee
Naomba niongeze kilichompata baba. Akiwa na miaka zaidi ya 70 alianza kusoma bila miwani aliyoivaa miaka yote. Tulifurahi, tukasema macho yamerudi ujanani. Kumbe ni mtoto wa jicho, lenzi inapogeuka namna fulani humrudishia mtu uoni wa karibu kwa muda tu. Dalili zilikuwepo, sisi hatukuziunganisha: taa za magari zilimtia kiwi, akaacha kutoka jioni akisema amechoka. Ngazi alizishuka kwa kupapasa kwa ncha ya kiatu.

Alipofanyiwa upasuaji wa jicho moja, alikaa kitandani akifumba hili, akifumbua lile, akiutazama ukuta. Kwa jicho jipya ulikuwa mweupe. Kwa la zamani, rangi ya chai. Akaniuliza, "Nimeishi humu muda gani?" Swali lile linaniuma mpaka leo.

Sukari Juu
Kwangu ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka, wiki naona, wiki sioni. Ilikuwa kisukari. Daktari alinizuia kutengeneza miwani mpaka sukari itulie, la sivyo ningeilipia mara mbili.

Mshonaji
Asanteni sana. Nimefunika jicho moja moja leo mchana. Fremu imenyooka kwa macho yote, ila kwa la kushoto peke yake namba za kalenda ukutani zinafifia. Sikuwa nalijua hilo kabisa! Na dada Nesi, umenikumbusha: marehemu mama alikuwa anatia dawa ya matone ya presha ya macho kila usiku.

Nimepata nafasi ya kupimwa Alhamisi.

Nesi Mstaafu
Hilo la mama lisemwe kwanza kabisa, kabla hata hujaketi. Halafu pima kwa utepe wako kutoka jichoni hadi mguu wa cherehani, pale sindano inaposhuka, umpe mpimaji namba hiyo. Wengi hupimwa kwa umbali wa kitabu, wakirudi kwenye mashine hawaoni.

Mshonaji
Nimepima sasa hivi, sentimita 46. Nitabeba pia sindano, uzi mweusi na kipande cha ile suruali.