Naomba ushauri: wanatafuta watu wa kujaribisha dawa ya malaria, niende ao nisiende?

Mtoto wa Kadutu: Bandugu, mambo yenu. Niko hapa Bukavu, mwaka wa pili. Kuna badocta ba chuo kikuu kimoja wanatafuta vijana wenye afya kwa dawa mpya ya malaria, wanasema ni hatua ya kwanza, inaanza mwezi ujao, unalala kwao siku 3 alafu unarudi mara 6 wakutoe damu, na kila mara wanakurudishia dola 20 ya taksi na ya siku yenye umepoteza. Minervali, pesa ya masomo, sijamaliza kulipa. Jumatatu njo siku ya kusaini. Naogopa, sijue hata naogopa nini. Munanishauri namna gani?

Mama Riziki: Mwanangu, damu si ya kuuzisha. Miye nililipia watoto 5 minervali na makala (makaa ya kupikia) pa soko ya Kadutu, hakuna hata mmoja alienda kujaribishiwa dawa.

Vye wa Majengo: Mama, tusimutishe mtoto. Niko Goma, 2019 niliingia ile ya chanjo ya pili ya Ebola hapa Majengo, sindano mbili, katikati siku 56, majirani wakasema tutakufa wote. Na ndugu yangu wa Butembo alitunzwa katika jaribio lenye waliita PALM, dawa 4 za kutunza Ebola zenye walilinganisha kuanzia Novemba 2018, Agosti 2019 wakaisimamisha mapema juu mbili zilikuwa zinaokoa watu zaidi. Moja, mAb114, ilitokea mu damu ya mtu alipona Ebola ya Kikwit 1995! Watu wasingekubali, ile dawa ingetoka wapi?

Infirmiye Ibanda: Ni vizuri, lakini mwenye kuuliza bado hajajibiwa. Hatua ya kwanza haitafute kama dawa inaponya. Wanachukua watu kidogo, makumi tu, waone mwili unavumilia kipimo gani. Wengine wanapewa kidonge chenye hakina dawa ndani, na hautajua. Uombe karatasi ya kibali uisome nyumbani, uulize ni komite gani ya maadili iliipitisha, na ukiugua juu ya dawa yao nani analipa. Unaweza kuacha siku yoyote, hata bila kutoa sababu. Sasa nijibu: kuna dawa unakunywa?

Mtoto wa Kadutu: Hapana ya maana. Vitamini.

Infirmiye Ibanda: Hapana ya maana ni nini?

Mtoto wa Kadutu: Sawa. Nakunywa dawa za TB, niko mwezi wa 4. Lakini sikohoe tena, makohozi walipima ikatoka safi, nimenona hata. Pa fomu waliuliza, nikaweka hapana, juu wangenifukuza. Imebaki miezi 2 tu, na ile pesa nilishaikopea.

Infirmiye Ibanda: Mdogo wangu, mu vile vidonge kuna rifampisini. Inafanya ini livunje dawa zingine haraka, hata za malaria. Kwako watapima damu waone dawa yao imekwisha mbio, waandike kipimo chenye si cha kweli, kesho mtoto wa mtu apewe kile kipimo. Na ini lako lenyewe limeshachoka na isoniazidi, dawa ingine ya TB yenye iko mu vile vidonge.

Kijana wa Bagira: Miye nasema hii ni hadithi ya kutunga. Pa mwanzo kusaini ni Jumatatu, sasa fomu alishajaza. Na konti yake ni ya jana.

Vye wa Majengo: Ao ni mtu wa ile proje anatupima akili.

Mtoto wa Kadutu: Ile nilijaza ni ya maswali, ya Jumatatu njo kibali, damu watapima kiisha kusaini. Konti ni ya jana juu sitaki wenzangu wajue. Ningekuwa natunga, ningejua kama asubuhi mkojo unatoka rangi ya machungwa? Nabebaka ndoo ya maji kila siku pa choo kusudi wa chumba changu wasione.

Infirmiye Ibanda: Mimi namuamini. Mdogo wangu, usingojee Jumatatu. Kesho uwaambie, wafute ile hapana. Hakuna atakuchapa.

Mama Riziki: Uko Kadutu upande gani? Jumamosi naingiza makala, natafuta mtu wa kuhesabu magunia. Haifike dola 20, lakini utakula kwangu.