Saki ya mutoto ku masomo: nani ana ruhusa ya kuifungua, na mupaka wapi?

Mama wa Nyawera:
Bandugu wa Bukavu, jambo yenu. Naomba tuongee hii mambo bila matusi ju inanikaa mu roho tangu juma mbili sasa. Binti yangu ako mu 3e. Jumatatu moja, kisha bendera, disipilini, ule mukubwa wa kuchunga nidhamu, akaingia mu klasi yao akafunga mulango, akasema telefone ya mwalimu mumoja imepotea. Batoto 52. Kila mutu simama, saki pa meza, na anapita anazigeuza kichwa chini moja moja. Ya binti yangu ikatoka makaye, kompa, mandazi mbili nilimufungia asubuhi, na kotex, ile pedi ya hezi. Ile kotex akaiinua na ncha ya biki, akauliza klasi nzima hii ni ya nani. Bavulana bakacheka. Kisha akafungua kaye ndogo mwenye mutoto anaandikaka mambo yake, akasoma mistari mbili kwa sauti. Ile mistari ilikuwa ya papa yake, mwenye alienda Kamituga kutafuta zahabu na siku izi hapigake tena simu.

Saa nane telefone ikaonekana mu buro ya balimu, chini ya makaye ya kukorije. Hakuna mutu alirudi mu klasi kusema pole. Binti yangu siku tatu alikataa kwenda.

Sisemi masomo isiangalie kitu. Nauliza tu, kama haumushuku mutoto fulani kwa jina lake, kwa sababu unaweza kuisema, unapata wapi ruhusa ya kumwaga saki za batoto 52?

Mwalimu wa Bagira:
Mama, pole sana, na ile ya kusoma kaye ya mutoto mbele ya benzake ni mubaya, siitetei. Lakini naomba usikie na upande yetu. Nilikuwa disipilini miaka 6. Nilishika kisu mu soksi ya mutoto wa 8e, kisu ya kweli ya kukata nyama, na alikuwa ameileta ju ya mwenzake mwenye walipigana jana yake ku mpira. Nilishika kanyanga, ile pombe kali, mu chupa ya maji, tena inanuka mupaka mu koridori. Yote nilishika kwa kupekua, hakuna mutoto alikuja kunielezea. Siku mutoto atachomwa kisu mu lupango ya masomo, muzazi wa kwanza kupiga mulango ya prefe, mukubwa wa masomo, atauliza "mulikuwa wapi?" na hatauliza kama nilikuwa na sababu ya kuisema. Na kitu ingine, mu mwezi wa tisa bazazi bote banatia sinyatire ku regleman, ile karatasi ya kanuni za masomo, na mule kupekuliwa imeandikwa. Muliikubali.

Finaliste:
Mi niko mu 4e, naandika exetat, mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari, mwaka huu. Naona tunachanganya vitu mbili. Ku exetat asubuhi unasimama ku mustari unapekuliwa, na ile hainiume, ju imetangazwa mbele, ni kila mutu, banatafuta kitu moja, telefone na makaratasi ya kukopia, basi unaingia. Mi kitu iliniuma ni ingine. Nilileta telefone, ni kosa yangu, ilikatazwa, na kama bangeichukua mupaka mwisho wa tirimesta ningenyamaza. Lakini disipilini akaniambia nitie kode, akaketi pale na akaanza kusoma WhatsApp, message za mimi na dada yangu juu ya ugonjwa wa mama, anapandisha juu anashusha, karibu dakika kumi. Mi nimesimama. Kosa ilikuwa kuleta telefone, sasa mule ndani alikuwa anatafuta kosa gani?

Nilisoma droit:
Mwalimu, juu ya ile sinyatire. Katiba ya 18/02/2006, artikle 31, inasema kila mutu ana haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa, na siri ya barua, ya telefone na ya kila njia ingine ya kuongea, na haivunjwe ila pale sheria imesema. Sheria, si regleman ya masomo. Na imesema kila mutu, haikusema kila mutu wa miaka 18. Tena Kongo iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mutoto (ya 1989) tangu 1990: artikle 16 inalinda siri ya mutoto na barua zake, na artikle 28 inasema nidhamu ya masomo ipatane na heshima yake kama binadamu. Kwa hiyo muzazi kutia sinyatire haitoshi kufuta ile haki, ju haki si ya muzazi, ni ya mutoto.

Marekani walishindana sana juu ya hii. 1980 mu New Jersey binti wa miaka 14 alikamatwa anavuta sigara mu choo ya masomo, akakana, naibu wa mukubwa wa masomo akafungua sakoshi yake: sigara, kisha karatasi za kusokotea, kisha bangi, na liste ya banafunzi benye walikuwa na deni yake. Kesi ikafika mupaka kortini kuu, na 1985 wakasema masomo haiitaji mandat, ile ruhusa ya jaji, kama polisi, lakini inaitaji sababu yenye akili ya kumushuku ule mutoto, na kupekua kusipite kipimo, ukiangalia umri wake, kama ni mvulana ao musichana, na uzito wa kosa. Ule binti alishindwa. Lakini 2009 kukafika ingine, ya Arizona, binti wa miaka 13 walimuvua mupaka nguo za ndani banatafuta vidonge vya maumivu, ibuprofen. Hawakukuta kitu. Majaji 8 juu ya 9 wakasema haki yake ilivunjwa. Na 2014 ile korti ikasema hata polisi akikamata mutu mukubwa, kuingia ndani ya telefone yake anaitaji mandat, ju telefone haiko kama mufuko, inabeba maisha yote ya mutu. Najua sheria ya Marekani haitutawale hapa. Naileta ju ile swali ya mama ni ile ile.

Papa wa Kadutu:
Mukubwa wa droit, aksanti kwa masomo, lakini Arizona iko mbali na Kadutu. Mi mutoto wangu waliuzisha bangi pa mulango ya masomo, akiwa na miaka 15, na mi sikujua kitu mupaka siku alianza kuuzisha biatu yake mwenyewe. Kama disipilini angemupekua kila asubuhi, kila asubuhi ya Mungu, ningeenda kumubusu mikono. Siri gani mutoto anaweka kwa bakubwa wake? Sisi kwetu mama alikuwa anapiga mikono mu mifuko yetu kila jioni na tukakomaa vizuri.

Infirmière:
Papa, nasikia uchungu yako, na mutoto wako namuombea. Lakini unauliza siri gani, acha nikuambie moja. Kuko batoto mu hii muji benye banakunywa dawa ya VVU kila siku, walizaliwa na ile ugonjwa, na bengine banabeba dawa mu saki ju kisha masomo banaenda moja kwa moja kwa bibi ao kwa shangazi kulala kule. Tunabafundisha kutoa vidonge mu kopo, kufunga mu karatasi, ili visipige kelele banapokimbia. Sheria ya 14/07/2008 inalinda benye kuishi na VVU na siri yao. Sasa ile saki igeuzwe kichwa chini mbele ya batu 52. Ule mutoto kesho hatakuja ku masomo, na mbaya zaidi, ataacha dawa. Niliona mumoja aliacha. Mama akipiga mikono mu mufuko ni mama, anajua ile dawa, ni yeye alimupa.

Mama wa Nyawera:
Aksanti dada, sikufikiri hiyo ya dawa hata kidogo, na sasa sitaitoa tena mu kichwa.

Papa wa Kadutu, mi pia niko mama, ningependa bangi ikamatwe. Lakini angalia, mutoto wako ungeweza kumuonyesha: macho yamekuwa mekundu, marafiki wapya, biatu inapotea. Ile njo sababu yenye jina. Mwalimu pia, ile kisu yako, umesema mwenyewe walipigana jana yake. Ulikuwa na sababu! Ungemuita peke yake mu buro ungeikuta ile ile kisu, na batoto bengine 40 bangeendelea na hesabu. Mi sikatae kazi yako, nakataa tu hii ya kusema sijui nani, basi wote.

Na hata kwa kisu, mwenye kupekua musichana awe mwanamuke, mulango ifungwe, kuko mutu wa pili ya kushuhudia, saki ifunguliwe na mutoto mwenyewe kwa mikono yake, kitu yenye haitafutwe isigushwe, kaye haisomwe, na telefone ikichukuliwa izimwe mbele ya mutoto, iwekwe mu anvelopi na jina lake mupaka muzazi aje. Na wakikosea waseme pole pale pale mu ile klasi walimuaibishia. Hii ya mwisho njo inanikata zaidi, hata kuliko ile kotex.

Mwalimu wa Bagira:
Ya anvelopi nakubali, na ya pole nakubali, tungepashwa kuifanya tangu zamani. Ya mwanamuke inakuwa ngumu mama. Ku masomo yetu kuko mwalimu wa kike mumoja, na anafundisha siku tatu tu mu juma. Kisu ikifika Jumanne na hayuko, nifanye nini? Naomba unijibu kwa kweli, si kwa kunishinda.

Mama wa Nyawera:
Mwalimu, swali yako iko ya haki. Kwa kisu, kama hatari iko pale pale, fanya haraka, mutoe inje, umuambie anyanyue mikono, itisha mutu wa pili, hata mama mwenye kuuzisha mandazi pa mulango akuje kushuhudia. Kwa telefone yenye kupotea, ngojea Jumatano. Telefone haitaua mutu.

Leo asubuhi binti yangu alikuwa anavaa, nikaona anaficha kotex mu soksi. Mu soksi, Mwalimu, pale pale ulishika ile kisu. Siku moja disipilini ataona soksi imevimba na atasema hapa kuko kitu.

Komite ya bazazi inakutana Jumamosi saa tatu. Mwenye ako na mutoto mule, aje na ile regleman mukononi, kipande ya kupekua tuisome pamoja mustari kwa mustari. Na Finaliste, uje pia, hata kama banasema banafunzi hawaingie.