Ukuta mmoja wa rangi tofauti sebuleni (Uyole, Mbeya): ninunue rangi kiasi gani, na huu unga mweupe ni nini?

Mkazi_Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Nyumba ni ya tofali za kuchoma. Plasta ilipigwa mwishoni mwa mwezi wa 4, skimu (tabaka jembamba la kulainisha) ya saruji nyeupe mwezi wa 5, na sasa kuta zote za sebule zina koti moja ya rangi ya maji nyeupe. Ukuta wa TV nataka uwe kijani iliyokolea, ile ya jani la mgomba. Upana ni mita 4.2, kimo mita 2.8, hauna mlango wala dirisha, na nyuma yake ni nje. Dirisha kubwa liko ukuta wa mkabala, linaangalia kusini.

Fundi anasema lita 1 inatosha na kazi ni ya siku moja. Ila kuanzia sakafuni hadi kama sentimita 30 juu kuna unga mweupe, ukifuta unarudi. Naomba ushauri: kiasi cha rangi, kama kijani itafaa, unga huo unatoka wapi, na namna ya kupata mstari ulionyooka kwenye kona.

Fundi_Ipogolo
Mkuu, rangi weka pembeni kwanza. Unga huo ni chumvi. Maji yanapita ndani ya tofali na plasta yakiwa yamebeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na kuiacha pale. Kwa hiyo unga unaorudi maana yake maji bado yanapita. Ukipaka kijani juu yake, chumvi itasukuma rangi kutoka nyuma, utaona malengelenge, halafu magamba. Kwenye nyeupe mtu anaweza asigundue, ila kwenye rangi iliyokolea litaonekana toka mlangoni.

Toka nje ukague nyuma ya ukuta huo huo. Je, udongo au kifusi kimelundikwa juu ya usawa wa sakafu ya ndani? Maji ya bati yanadondokea pale pale ukutani kwa sababu hakuna gata? Je, msingi uliwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kabla ya kuanza tofali? Mawili ya kwanza yanarekebishika kwa jembe na gata. La tatu ni gumu zaidi, na hakuna rangi inayolitibu, hata ile inayouzwa kwa jina la kuzuia maji: unyevu ukizibiwa hapo chini unapanda na kutokea juu zaidi.

Kupima: kata nailoni inayopitisha mwanga, sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasipo na upenyo, iache saa 24 au zaidi. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, ukuta umelowa. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani tu, fungua madirisha. Bandika mbili, moja chini kwenye unga na nyingine kifuani, ulinganishe.

Unga wenyewe utoe kwa brashi ngumu KAVU, ukusanye kwenye beleshi utupe. Usiuoshe. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, wiki ijayo mnaonana tena.

Na plasta: siku 28 ndizo za kawaida kusubiri, lakini hesabu hiyo ni ya hali ya joto. Kwa baridi hii ya mwezi wa 6, na skimu ya saruji juu yake, ongeza. Saruji changa ina ukali unaokula baadhi ya rangi, ndiyo maana ukuta mpya unatoa mabaka yaliyopauka bila mtu kuelewa kwa nini. Kabla ya kijani weka praima (rangi ya awali ya kuandaa ukuta) inayostahimili ukali wa saruji, na usipake rangi ya mafuta juu ya plasta changa.

Mwanga_Kwanza
Nijibu la kiasi na la rangi.

4.2 × 2.8 ni mita za mraba 11.76, sema 12. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Kwa hiyo lita 1 ya fundi wako haimalizi hata koti ya kwanza kwa uhakika. Koti mbili ni lita 2.4 hivi, na rangi iliyokolea mara nyingi hudai koti ya tatu, jumla lita 3.6. Chukua galoni ya lita 4. Fundi akisisitiza lita 1, ujue atajazia maji! Kwenye koti ya kwanza maji kiasi cha asilimia 10 yanavumilika kama kopo linaruhusu. Zaidi ya hapo rangi inakuwa nyepesi, inatiririka, na hata koti nne haziuzibi weupe.

Ichanganywe kwa mashine dukani, siyo kununua nyeupe na kumimina steina (rangi kali ya kuongezea) nyumbani. Nyeupe ya kawaida haiwezi kufika kijani iliyokolea, na steina ikizidi rangi haishiki vizuri: ukipitisha kitambaa chenye maji kinatoka kijani. Duka lina besi (rangi ya msingi ya kuchanganyia) maalumu ya rangi nzito, iulizie. Mkichukua makopo zaidi ya moja, yamimine yote ndoo moja mkoroge kabla ya kuanza, maana yanaweza kupishana kidogo na tofauti itaonekana katikati ya ukuta. Namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kopo ipige picha.

Kijani yenyewe: dirisha lako linaangalia kusini, na miezi hii jua liko kaskazini, upande ule ulipo mlima Loleza ukiwa Mbeya mjini. Kwa hiyo sebule yako inapata mwanga wa anga tu, mwanga wa ubaridi. Kijani yenye ubuluu ndani yake itaonekana karibu nyeusi saa 10 jioni. Chagua yenye unjano kidogo, na ushuke hatua moja, isiyokolea kama ile uliyoipenda kwenye kikaratasi cha dukani. Rangi ya maji ikikauka hukolea kuliko ilivyokuwa mbichi, hilo nalo liingize kwenye hesabu.

Nunua kopo dogo la majaribio, paka ubao au kipande cha gypsum cha futi 2 kwa 2, koti mbili. Kisimamishe kwenye ukuta ule ule asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe kali na taa ya njano zitakupa kijani mbili tofauti kabisa. Mng'ao chagua mati, isiyong'aa. Silki, inayong'aa kidogo, inaonyesha kila wimbi la skimu, hasa mwanga ukija kwa ubavu. Mati nayo ina ubaya wake, pakisuguliwa na viti panang'aa, kwa hiyo sogeza makochi mbele kidogo.

Makambako_Stendi
Kama haraka ipo, weka jiko la mkaa chumbani usiku, funga madirisha, asubuhi ukuta mkavu. Huku kwetu kwenye baridi ndiyo dawa.

Fundi_Ipogolo
Hapana ndugu yangu, hilo lisifuatwe na mtu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala wasiamke. Hata kwa ukuta haufai, moshi na masizi vinashika kwenye rangi mbichi. Kinachokausha ni hewa inayopita: fungua madirisha mchana.

Suala la baridi ni la kweli lakini. Rangi nyingi za maji hazitaki ukuta chini ya nyuzi 10, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unafika huko. Anza saa 4 asubuhi ukuta ukiwa umeota joto, maliza saa 8 mchana, koti ya pili kesho yake. Ukipaka saa 11 jioni, asubuhi utakuta michirizi ya kahawia inayonata, hasa kwenye rangi nzito. Rangi haijaharibika: iache ikauke kabisa, kisha futa taratibu kwa kitambaa chenye maji.

Mkazi_Uyole
Asanteni sana. Nailoni ya juu ni kavu, ya chini ina matone upande wa ukuta. Nje kuna kifusi cha ujenzi, kimeufunika ukuta juu ya usawa wa sakafu, na gata hakuna. Kwa hiyo nisubiri?

Fundi_Ipogolo
Subiri. Ondoa kifusi hadi ardhi iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, iwe na mteremko wa kutoka ukutani, na gata lifungwe kabla ya mvua za mwezi wa 11. Rudia nailoni kila baada ya wiki mbili. Ikitoka kavu mara mbili mfululizo, endelea. Plasta iliyolegea pale chini igonge utoe, uzibe upya, na sehemu zilizozibwa zipate praima peke yake kwanza, la sivyo zitabaki mabaka.

Mwanga_Kwanza
La mstari wa kona, wakati ukifika. Kona za plasta hazinyooki, kwa hiyo usiifuate kona, piga mstari kwa pima maji na penseli, milimita 2 au 3 ndani ya ukuta wa kijani. Bandika tepu ya karatasi kwenye mstari huo, upande unaoelekea ukuta mweupe, ikandamize kwa kucha. Kabla ya kijani pitisha nyeupe ileile kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayopenya na kuuziba. Ikikauka, brashi ya inchi 2 kwenye kingo, upana wa sentimita 5 hivi, na rola ifuate hapohapo kingo zikiwa mbichi. Mkiwa wawili ni rahisi, mmoja kingo, mwingine rola. Tepu ivute koti ya mwisho ikiwa bado na unyevu, polepole, kwa mshazari. Ukiisahau hadi kesho, pitisha wembe kwanza kwenye mstari, vinginevyo itaondoka na vipande vya kijani. Na nyeupe yako ina koti moja tu, iongezee ya pili na uiache siku kadhaa kabla ya kubandika chochote juu yake.